Kiti Katikati ya Kabichi

Siku yangu ya kuzaliwa naijua. Wenzangu wengi wa rika langu hawaijui yao. Watakuambia walizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka ule ng'ombe walipokwisha, na karani akiwabana wanataja siku yoyote ili waende zao nyumbani. Mimi nilizaliwa Oldeani, mwezi wa nane, kwenye mashamba ya kahawa ya Wazungu, na pale palikuwa na zahanati na mhudumu aliyependa kuandika. Kwa hiyo tarehe ipo.

Mama yangu lakini hakuwahi kuitaja. Yeye alisema nilizaliwa siku ya ukungu. Nikimwuliza ukungu upi, maana Oldeani mwezi wa nane kila siku ni ya ukungu, alisema ule mzito. Alikuwa akichuma kahawa, uchungu ukamshika, akaweka kikapu chini ya mbuni, akaanza kutembea kuelekea zahanati akishika matawi, mti kwa mti, kwa sababu hakuona hata miguu yake. Wakati mwingine nikisinzia karibu na moto naona kama naikumbuka safari ile. Najua haiwezekani. Lakini naona majani yenye maji, nasikia matone yakianguka juu ya majani ya chini, na mtu anapumua karibu yangu sana.

Sherehe ya kuzaliwa hatukuwa nayo. Kulikuwa na Krismasi na Pasaka, basi. Niliishia darasa la nne, nikaolewa kijijini Daa, na huku Daa zamani mtu akikuuliza una miaka mingapi, ujue anataka kukuposa au anataka kukuzika.

Besdei nilikutana nayo kazini. Watoto walipoanza shule nilikwenda kufua mashuka kwenye loji moja upande wa msituni, kwenye njia inayopanda kwenda Ngorongoro. Mashuka yalikuwa meupe na mengi. Ukiyaanika asubuhi na mapema hujui yanaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Nilikuwa napita katikati yake nikiyashika kwa mkono, na sauti za wenzangu zinatoka upande huu, mara upande ule, wenyewe siwaoni. Hiyo sehemu ya kazi niliipenda.

Sasa mgeni akiwa na besdei, mhudumu wa mezani anakuja mbio uani kutuita wote. Mpishi, mtunza bustani, mlinzi, sisi wa mashuka. Kila mtu anashika kitu kinacholia. Mimi changu kilikuwa mfuniko wa sufuria kubwa na mwiko. Taa zinazimwa, keki inatangulia na mshumaa wake, tunaingia kwa mstari tukiimba, tunaizunguka meza, tunacheza, tunatoka. Wageni wanapiga picha. Mimi narudi kwenye pasi yangu. Wimbo ule niliujua kuliko wimbo wowote wa kanisani, na sikuwahi kuuwaza. Ulikuwa kazi, kama kukunja shuka.

Jioni moja tulimwimbia bibi wa kizungu, nywele zake nyeupe kama pamba. Watoto wake, watu wazima, walikuwa wamemzunguka wanatabasamu. Tulipomaliza hakupuliza mshumaa. Aliutazama mpaka ukaisha wenyewe, nta ikatiririka juu ya keki. Mhudumu akainama kumwuliza kama kuna tatizo. Tulipofika uani akatutafsiria alichojibiwa: amesema siku hizi wakimwimbia, anasikia kama wanamsindikiza stendi. Wenzangu walicheka sana. Na mimi nilicheka.

Mume wangu mambo ya tarehe hakuyajua na hakuyataka. Mwaka mmoja alikwenda Kakesio kutafuta mtamba kwa wafugaji wa kule, akachelewa mpaka nikaanza kuulizia kwa wapita njia. Akatokea asubuhi moja ndani ya ukungu. Kwanza niliona pembe, halafu fimbo, halafu yeye. Binti yetu wa mwisho alikuwa ameanza shule na kichwa kimejaa tarehe, akamkimbilia akimwambia baba, leo ndiyo siku mama aliyozaliwa. Yule mzee hakupepesa macho. Akasema mlidhani nachelewa bure, nilikuwa namsubirisha huyu ng'ombe mpaka siku ya mama yenu ifike. Mtamba mwenyewe alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, ndiyo sababu ya kuchelewa, na kila mtu aliona. Lakini niliipokea ile kamba kwa mikono miwili.

Alifariki miaka michache iliyopita. Alianguka kwenye shamba la mbaazi hapo chini ya nyumba, asubuhi, na mimi nilikuwa nimekwenda mnadani Karatu. Nilirudi jioni. Hayo yanatosha.

Tangu hapo watoto wakaanza kuikumbuka tarehe yangu. Mwaka wa kwanza walituma keki kwa bodaboda, ikafika imelalia ubavu. Niliionja, nikaona ni povu lenye sukari, nikampelekea jirani yangu wa ng'ambo ya korongo. Yeye ni mjane kama mimi, tunaitana dada na tunagombana kama dada. Aliimaliza akiwa amesimama mlangoni. Mwaka uliofuata walinipigia simu wote kwa pamoja, wakaimba, na mimi nikasubiri wamalize ili nikakamue ng'ombe. Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua jina. Miaka yote niliyolima na kufua, ukiacha ule wa mtamba, hakuna aliyeiuliza siku hiyo. Sasa niko peke yangu, kila mtu anaijua.

Mwaka jana, mwezi wa saba, binti yangu yule wa mwisho alipiga simu. Yeye siku hizi ni mhudumu wa mezani kwenye loji, si ile niliyofulia mimi. Tukaongea habari za ng'ombe na za baridi, halafu akaniuliza kama mchezo, mama wewe unapenda pazia la rangi gani. Nikauliza pazia la nini. Akasema aa, nauliza tu. Nikamwambia bluu, tukaagana, nikabaki jikoni natazama moto. Kwa sababu siku chache kabla, kaka yake mkubwa, mwenye gereji ya magari ya watalii mjini Karatu, alikuwa ameniambia kwamba mwaka huu besdei yangu itafanyika kwake. Gari litanifuata, nibebe nguo za kutosha. Na uani kwake nilikuwa nimeona chumba kipya kinajengwa, chenye marumaru na choo ndani. Nilidhani ni cha kupangisha.

Mtu anayekwenda kula keki na kurudi haulizwi rangi ya pazia.

Si kwamba chumba kilikuwa kibaya. Ni kizuri kuliko nyumba yangu. Lakini hapa Daa kuna kaburi la mume wangu, kuna ng'ombe, kuna udongo ninaoujua kwa kisigino bila kuangalia chini. Mjini ningekuwa bibi wa kuwekewa kiti nje ya geti atazame magari yanayokwenda kreta ya Ngorongoro. Na nilijua nikishaingia chumba kile na begi, sitoki. Wanangu ni watu wema. Mtu mwema akishakutandikia kitanda utabishana naye vipi?

Siku zile nilikuwa nalala mchana, jambo ambalo silifanyi, na nikilala naota. Nimekaa kwenye ukumbi wa loji, giza, na watu wananizunguka wanacheza, midomo yao inafunguka lakini hakuna sauti. Nyuma yao mashuka yameanikwa, mstari nyuma ya mstari, yanasogea kidogo kidogo. Nayapita moja moja. Mwisho wa mashuka kuna gari, mlango wake uko wazi, ndani kuna joto na hakuna dereva. Ndipo nikamkumbuka yule bibi wa kizungu na stendi yake.

Nilipoamka nilimpigia mwanangu wa gereji. Nikamwambia besdei naitaka. Akaniuliza mara mbili kama amesikia vizuri, maana alikuwa amejiandaa kunibembeleza. Nikamwambia naitaka na keki na wimbo na kila kitu, lakini naitaka hapa Daa. Na mtu asije bila dumu la maji, kila mmoja na lake, kwa sababu nawajua watoto wenu, watanimwagia. Hapo akacheka.

Hiyo ndiyo sehemu ya besdei niliyoichukia kuliko zote. Vijana wa siku hizi wanamvizia mwenye siku yake na ndoo, wanamlowesha mpaka viatu. Nimeona mjini binti anatiririka maji huku anacheka, na hatua chache kutoka pale kuna foleni ya ndoo tupu kwenye bomba. Mimi nimebeba maji kichwani maisha yangu yote. Siwezi kuyaona yanamwagwa kwa furaha nisikasirike. Basi nikakaa nikafikiri: kama ni lazima yamwagwe, yamwagwe mahali pa maana.

Nilikwenda kwa dada wa ng'ambo ya korongo, nikamwomba miche ya kabichi kutoka kwenye kitalu chake. Akaniuliza nani anahamishia kabichi shambani mwezi wa nane, udongo mkavu hivi, utainyweshea nini. Nikamwambia itanyweshewa na wajukuu. Akanitazama kwa huruma, nikajua anawaza kwamba watoto wangu wana haki ya kunichukua. Hata hivyo alikuja kunisaidia. Tulilima kipande kilicho mbele ya mlango, tukapanda mistari iliyonyooka, tukaufunika kila mche kwa jani la mgomba usiungue. Katikati niliacha nafasi ya kutosha kiti.

Siku yenyewe ukungu ulikaa mpaka karibu na saa sita. Nilisikia gari kabla ya kuliona, halafu watoto wakateremka, na maumbo yao yakawa yanatokea moja moja, na madumu, kama watu wanaotoka majini. Jua lilipochomoza walikuwa wameshajaa uani. Mwanangu na mke wake, binti yangu, wajukuu, na dada yangu wa ng'ambo aliyekuja mapema akae karibu na keki.

Binti ndiye aliyeanzisha. Alikuwa na mfuniko wa sufuria, akaupiga, na ukawa ule wimbo wa loji, wanaouimba mpaka leo. Wakanizunguka. Nilitaka kuwaambia mnachelewesha pigo, nikawaacha. Miaka yote ile nilikuwa upande wa nje wa wimbo huo, nazunguka nikitazama visogo vya watu. Sikujua kwamba katikati yake kuna joto. Sauti zinakujia kutoka kila upande, nyuma ya shingo, kwenye magoti, na kwa muda kidogo hujui uko kwenye ua gani, wa mwaka gani. Nilimwona mama yangu akishika matawi. Nilimwona mume wangu na fimbo. Nikawaona wanangu wakiwa wadogo na wakiwa wakubwa kwa pamoja, uso juu ya uso. Nilitabasamu, nimeambiwa. Ipo picha.

Tulipokula keki, wajukuu wakaanza kunong'onezana na kutazama madumu. Wananiita Ama, ndiyo bibi kwa Kiiraqw. Baba yao akawaonya kwamba Ama hamwagiwi maji, ni mtu mzima na leo kuna baridi.

Nikasimama. Nikachukua kiti, nikakiweka katikati ya kabichi, nikavua sweta, nikakaa.

"Leteni," nikawaambia.

"Mama, utapata nimonia," mwanangu akasema.

"Jua linawaka. Leteni. Lakini hakuna kurusha. Mnamwaga taratibu, mnanizunguka. Wewe anzia hapa miguuni, wewe mstari ule. Asiyefuata mstari atakwenda korongoni kujaza tena."

Wakaja. Maji yalikuwa baridi, sitadanganya. Yalinipanda kwenye vifundo vya miguu, mengine yakaniangukia mabegani kwa makusudi, nikawatishia, wakacheka. Udongo ukaanza kuwa mweusi. Ulitoa ile harufu ya mvua ya kwanza, na mimi nimekaa katikati yake na gauni limenigandia. Mjukuu mmoja wa kike, mwenye akili nyingi, akasimama na dumu lake.

"Ama, mbona kama tunamwagilia bustani?"

"Mwaga."

Mwanangu alikuwa hajacheka. Alisogea mpaka mwisho wa mistari, akachuchumaa, akafunua jani moja la mgomba, akauona mche. Yeye amekulia hapa. Anajua kabichi inakaa shambani muda gani.

"Hizi zinakomaa lini, Mama?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Na nani atazivuna?"

"Aliyezipanda."

Watoto wakaacha kumwaga. Akabaki amechuchumaa pale, analigeuza lile jani mkononi. Akasema chumba kiko tayari. Nikamwambia najua, na pazia ni la bluu. Binti yangu akaangalia pembeni. Nikasema chumba ni kizuri, ampangishe mwalimu, walimu wanalala vizuri na hawavunji vitu.

"Baba alianguka pale," akasema. Hakunyoosha kidole, na hakukuwa na haja. "Alikaa chini mpaka jioni, Mama. Peke yake. Mimi nikilala mjini ndicho ninachoona."

Nilikuwa nimeandaa jibu la marumaru na jibu la geti tu. Maji yalikuwa yananidondoka kwenye nywele, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia baridi kweli. Nikamwambia najua alikaa, maana mimi ndiye niliyemkuta. Nikamwambia hata mimi nikilala ndicho ninachoona, ila mimi nikiamka nakwenda pale nikapalilia, na hiyo inanisaidia. Wewe mjini unaamka unakwenda wapi?

Aliyejibu alikuwa dada yangu wa ng'ambo, kutoka kwenye kiti chake, na krimu mdomoni.

"Moshi wake nauona kila asubuhi kutoka kwangu. Ukichelewa nitajua."

"Na ukijua, Bibi?" mwanangu akamwuliza.

"Nitavuka nije nimtukane. Akishindwa kunijibu, ndipo nikupigie."

"Macho yako yanafika mpaka huku?"

"Yanafika. Hata wewe nakuona unavyonenepa."

Wajukuu wakaangua kicheko, na mke wake pia, akaficha uso kwenye kanga. Mwanangu alitaka kukaza sura ikamshinda. Akasimama, akachukua dumu kutoka kwa mtoto, akaimwagilia mistari ile iliyobaki, mwenyewe, kwa utaratibu, kama baba yake alivyokuwa akifanya, anaziba mdomo wa dumu kwa kiganja maji yatoke membamba. Alipofika kwenye kiti, akakinga yaliyobaki mkononi, akanipaka kichwani. Akasema tutaona mwezi wa kumi na moja. Nikasema tutaona. Binti akaja na sweta.

Mwezi wa kumi na moja alikuja na gari, tukajaza kabichi viti vya nyuma, zilikuwa kubwa na nzito. Habari ya chumba hakuitaja. Nimesikia humo anakaa mwalimu.

Moto sasa nauwasha mapema kuliko zamani, hata siku ambazo sitaki chai. Nikishauwasha natoka nje na kutazama ng'ambo, na moshi wa kwake unapanda, mwembamba, unapinda kidogo juu ya migomba. Tunakaa hivyo, kila mtu na wake. Shida ni mwezi wa nane. Ukungu ukilala kwenye korongo hakuna moshi unaoonekana, si wangu wala wake, na yeye anavuka kwa miguu kuja kuhakikisha, analalamika njia nzima. Nasikia sauti yake inapanda kutoka kwenye weupe, inaninung'unikia mimi, inaunung'unikia umande, wanangu, magoti yake. Inakaribia, inapotea, inarudi. Mimi nakuwa nimesimama mlangoni, sijaamka sawasawa, na kwa dakika ile ninapoisikia bila kumwona mtu, sina umri wowote.

Mwaka huu, asubuhi ya tarehe yangu, ukungu ulikuwa ule mzito.

"Uko hai wewe?" akauliza kutoka ndani yake.

"Niko. Ingia."

Akaingia, akakaa karibu na moto, akanyoosha miguu iliyolowa. Hakukumbuka ni siku gani, na wanangu wangekuja mchana. Nilimmiminia chai. Nikarudisha birika motoni, nikakaa, na maneno yakanitoka bila mtu kuniuliza.

"Leo ndiyo siku niliyozaliwa."

Akanitazama, akasogeza kikombe chake mbele.

"Basi ongeza sukari," akasema.